Msako wa Ba Wasiri

Jumamosi, 9 Desemba 1995

Mvua yenyewe imeanza leo, siyo ile ya kudanganyia ya Novemba. Bati linapigwa hadi humsikii mtoto akilia, na mtoto ndiye sababu ya mimi kuwa katika nyumba hii. Mume wangu Aidan yuko Tunduru anatafuta vito tangu mimba ikiwa changa. Aliniacha hapa Mfaranyaki, Songea, kwa mama yake, Mama Theodosia, nijifungulie mikononi mwa mtu mzima. Nimejifungua salama, mtoto wa kiume, Leo. Tangu hapo nimekuwa kitu cha nyumba: nafungwa, nalishwa, nakatazwa.

Ninakatazwa maji. "Maji yanalegeza tumbo la mzazi," anasema mama mkwe. Nakula ugali mgumu na mchuzi wa pilipili manga, na tumbo limekazwa kwa kanga mbili. Matokeo yake chooni sipati kitu, na nikipata ni kwa jasho na machozi. Aidan anachimba mawe Tunduru, mimi nayatoa hapa Mfaranyaki.

Alhamisi, 14 Desemba

Damu. Nyekundu mbichi, inadondoka baada ya haja kubwa, na haiumi hata kidogo. Hilo la kutouma ndilo linalonitisha. Kuna kitu pia, kinyama kama kidole cha mtoto, kinachungulia nikijikamua na kurudi ndani chenyewe nikisimama.

Nimejikinga kwa vitambaa, nikavifua jioni na kuvianika nyuma ya banda la kuku. Wifi yangu Oliva, dada yake Aidan, alipita pale akiimba. Oliva haimbi bure.

Jumatano, 20 Desemba

Mvua. Damu. Ugali.

Jumanne, 26 Desemba

Mama mkwe ameniita jikoni mchana, kitambaa changu kiko mkononi mwake, hakijatakata vizuri. Aliuliza taratibu, macho yakiwa kwenye moto.

"Leticia, umeshaanza kwenda mwezini?"

"Hapana, Mama."

Nilisema kweli, na kweli ndiyo iliyoniponza. Ningesema ndiyo, mambo yangeishia pale na tungeendelea kuchambua maharage. Lakini damu ya uzazi ilishakauka, ya mwezi nimesema siyo, sasa hii ni damu gani? Nilitaka kumwambia inakotoka. Lakini mkwe hatajiwi matako. Hata mume nisingemwambia.

Jumatano, 3 Januari 1996

Nimetoroka kwenda sokoni nikisingizia sabuni. Meza yangu ya mitumba anaiangalia Subira, Myao wa Tunduru, jirani yangu pale tangu biashara ya mitumba iruhusiwe na kila mtu akageuka mfanyabiashara. Nilishindwa kukaa juu ya robota la nguo. Akanitazama ninavyokaa upande.

"Wewe una bawasiri," alisema, vilevile tu, kama anayetaja saizi ya suruali. "Mama yangu alipata kila uzazi. Twende hospitali, usione haya. Haya haitibu kitu."

Sikuwahi kulisikia neno hilo. Kwetu ugonjwa huu hautajwi, na anayeutaja anauhusisha na wanawake wa michezo michafu. Subira alicheka akasema basi wazazi wote wa Tunduru ni wachafu.

Daktari alikuwa mwanaume kijana. Nilifumba macho muda wote alipokuwa akinipima nikaimba Salamu Maria kichwani. Bawasiri ya ndani, alisema. Muuguzi Verediana, mama mmoja mpana tunayesali naye jumuiya moja, alinieleza baadaye pembeni: maji mengi, papai, majani ya maboga, nisijikamue chooni, nikalie maji ya uvuguvugu asubuhi na jioni. Vidonge vya damu nilivyopewa kliniki navyo hukausha choo, nivinywe na maji tele. Damu ikizidi au isipokata nirudi haraka, kwa sababu si kila damu ya huko ni bawasiri.

"Na hiyo kanga fungua," alisema. "Wewe si robota."

Nimerudi nyumbani nimenyooka. Maji nitakunywa kwa siri kama mlevi.

Jumamosi, 13 Januari

Mwanangu Leo ana homa, amepungua mashavu. Verediana amempima, ni malaria ya mvua hizi, amempa dawa ya maji. Nimerudi naye nikakuta mama mkwe na Oliva wamekaa barazani wananisubiri kama mahakama ya mwanzo.

"Mtoto huyu amebemendwa," alisema mama mkwe.

Neno limetoka. Kubemenda. Yaani nimelala na mwanaume ilhali nanyonyesha, maziwa yameharibika, mtoto ananyauka. Na vile vitambaa, kwa hesabu yao, ni mimba ya huyo mwanaume iliyotoka.

"Dawa ipo," aliendelea. "Dada yangu wa Madaba anaijua. Ila haishiki mpaka mama amtaje mwanaume. Mtaje, Leticia, mtoto apone."

"Sina wa kumtaja."

"Basi mtoto hanyonyi tena titi hilo."

Akamchukua mikononi mwangu. Mwanangu alilia, Oliva akamkorogea uji mwepesi, akamtia mdomoni kwa kijiko naye akautema. Matiti yangu yalijaa hadi nguo ikalowa. Nilisimama kwenye mvua nyuma ya banda na nikaapa. Sitaandika nilichoapa, maana nimekomunika Jumapili iliyopita. Lakini Mungu amenisikia na sijaomba afute.

Jumatatu, 15 Januari

Mama mkwe akienda shamba, naye Oliva akienda kusuka, namnyonyesha Leo katikati ya mahindi. Mahindi yamefika kifuani. Mtoto ananyonya huku mvua ikitudondokea, anahema kama aliyekimbizwa. Homa imeshuka.

Jumamosi, 20 Januari

Subira amekuja kuniona. Tulikaa jikoni, yeye na utani wake.

"Bawasiri wako hajambo?"

"Leo hii katulia. Jana alitoka, nikamwacha, akarudi ndani mwenyewe."

"Huyo ndivyo alivyo. Ukimlazimisha anakutoa damu. Mpe maji ya moto akae."

Tulicheka hadi machozi. Sijacheka hivyo tangu nijifungue. Nyuma ya ukuta wa jikoni nilisikia ndoo ikianguka.

Jumatatu, 22 Januari

Naandika kwa hasira, siyo kwa woga.

Baada ya chakula cha mchana mama mkwe alifunga mlango. Oliva alisimama nyuma yake, kifua mbele.

"Hukutaka kumtaja. Tumemjua," alisema mama mkwe. "Ni Ba Wasiri."

Sikuelewa. Nikamtazama mdomoni.

"Ba Wasiri," alirudia, kama tunavyosema Ba Leo, baba yake Leo. Kumbe wamenitafutia mwanaume mwenye mtoto anayeitwa Wasiri! Anatoka, anarudi ndani mwenyewe, ananitoa damu, nampa maji ya moto akae. Oliva alieleza yote neno kwa neno, hakukosea hata moja, isipokuwa lile moja.

Kicheko kilinifika kooni. Nilikuwa na nafasi pale pale ya kuufungua mdomo na kuyamaliza. Kisha nikamwona Leo mgongoni kwa Oliva, amenyamaza kwa kuchoka, uji umemkaukia kidevuni, na kicheko kikageuka kitu kingine, kizito.

"Nani kawaambia?" niliuliza, nikainamisha kichwa.

Mama mkwe alipiga makofi mara moja. "Umeona! Hajakataa!"

Sikukataa. Sitakataa. Nataka alitamke jina hilo mbele za watu, mbele ya ukoo na jumuiya, kwa sauti ile ile ya kuongoza rozari. Nataka afike kileleni kwanza. Mtu ukimwangusha kutoka kwenye kigoda hata haumii.

Ijumaa, 2 Februari

Msako umeanza. Oliva amezunguka soko zima akimuulizia mfanyabiashara mmoja, Ba Wasiri, labda Mwislamu, labda wa pwani. Amefika hadi kwa Subira.

"Ba Wasiri?" Subira alimjibu bila kupepesa. "Namjua sana. Anapenda waliojifungua karibuni. Na hachagui dini."

Oliva alirudi nyumbani mbio, mtandio umebaki njiani.

Jumatano, 14 Februari

Mama mkwe amemtuma kondakta wa basi la Tunduru ampelekee Aidan ujumbe: mkeo ana mwanaume anaitwa Ba Wasiri, njoo tukae kikao, mtoto apelekwe Madaba. Barabara imekatika, magari yamelala kwenye matope. Nashukuru matope.

Ninachoogopa ni hilo neno Madaba. Huko ndiko kwa dada yake. Mwanangu akienda huko hatarudi mpaka awe anatembea, na atakuwa amefundishwa kuniita shangazi. Subira amenionya: "Sema sasa, mwenzangu. Mchezo huu umeshakolea." Nimemwambia bado. Amesema mimi ni Mngoni kweli, hata vita ikiisha lazima nimtafute wa kupigana naye.

Damu imepungua. Nakunywa maji, nakula papai bichi kwa bivu. Hasira nayo ni dawa, inakufanya ule vizuri.

Jumatano ya Majivu, 21 Februari

Padri amenipaka majivu, akasema nikumbuke mimi ni mavumbi. Nyuma yangu mama mkwe alipakwa pia. Nikamkumbukia na yeye kwamba ni mavumbi.

Alhamisi, 29 Februari

Aidan amefika. Koti jipya la ngozi, viatu vimejaa tope jekundu. Hakuniangalia. Alimshika Leo kama mtu anayeshika mzigo wa jirani, akauliza mtoto analala wapi. Nikamuuliza kama ameshampa mama yake shikamoo. Akanijibu, "Wewe usiniongeleshe."

Nilitegemea atanivuta pembeni aniulize. Neno moja tu, "Ni kweli?" Angeniuliza, ningemwambia yote kwa mdomo wangu, na kisasi ningekiacha. Nililala nikisubiri. Alikoroma.

Jumapili, 3 Machi

Kikao kilikuwa baada ya misa ya kwanza, sebuleni kwa mama mkwe, mvua ikinyesha taratibu. Baba mkubwa Hironimus, kaka wa marehemu baba mkwe, alikaa kwenye kiti cha mikono. Wamama watatu wa jumuiya walialikwa kama mashahidi. Mama mkwe mwenyewe, kwa mdomo wake, alimwalika na muuguzi Verediana, ili athibitishe kwamba maziwa yangu yameharibika. Nilipomwona Verediana anakunja mwavuli mlangoni, nilimshukuru Mungu kwa ubunifu wake.

Nilikaa kwenye mkeka. Kukaa sasa naweza.

Baba mkubwa alisalimia, akaomba, kisha akampa mama mkwe nafasi. Alisema yote, vitambaa, mtoto kupungua, mimi kukataa kumtaja. Alisimama kabisa, kitambaa cha kichwani amekikaza vizuri.

"Sasa kwa vile yeye amekataa, mimi nitamtaja. Mwanaume huyo anaitwa Ba Wasiri."

Nilikuwa nimeusubiri wakati huu tangu Januari. Nilimtazama Verediana. Nyusi zake zilipanda, mdomo ukafunguka. Lakini kabla hajasema, Aidan alinyanyua mkono.

"Ni kweli," alisema. "Namfahamu."

Mimi sikuyapanga hayo.

"Unamfahamu?" baba mkubwa aliuliza.

"Namfahamu, baba mkubwa. Ni mnunuzi wa mawe pale Tunduru, huwa anakuja Songea. Mfupi, mweusi, ana jino la dhahabu. Nilipopata ujumbe nilimfuata, nikamkamata shati. Akakiri mbele ya watu. Amelala na huyu mwanamke si mara moja. Kwa hiyo mimi simtaki tena. Mtoto aende Madaba, yeye arudi kwao."

Mama mkwe alishika kifua. Oliva alisema, "Mmesikia!"

Nilikuwa nimemchimbia shimo mama yake, nikamwona mwanawe anajitumbukiza kwa miguu yake mwenyewe, tena kwa kukimbia. Nikamuuliza polepole, kwa adabu zote.

"Baba Leo, alikiri kwa mdomo wake?"

"Kwa mdomo wake."

"Ukamwona na jino lake la dhahabu?"

"Nimekwambia nimemwona!"

"Mama Verediana," nilisema, "naomba uwaambie wazee bawasiri ni nini."

Verediana aliweka mkoba chini. Hakucheka, Mungu ambariki, alisema kama anavyosema kliniki. "Bawasiri ni ugonjwa. Ni mishipa ya damu ya njia ya haja kubwa, inavimba. Mimba inaikandamiza, kufunga choo kunaizidisha. Inatoa damu isiyouma, na kinyama hutoka na kurudi. Leticia anayo, daktari amempima, nilikuwepo. Hana mimba iliyotoka. Na mtoto alikuwa na malaria. Maziwa ya mama yake ni mazima, mrudishieni."

Baba mkubwa Hironimus alikohoa, akavua kofia, akaivaa tena.

"Sasa Aidan, mwanangu," alisema, "hilo jino la dhahabu limekaa upande gani?"

Mama mmoja wa jumuiya alijiziba mdomo kwa kanga. Wa pili akashindwa kabisa, akatoka nje kwenye mvua, tukamsikia anacheka huko huko. Aidan alikuwa anatazama kiatu chake.

Mama mkwe hakucheka. Alimsogelea mwanawe hadi karibu, mwanamke mfupi yule, akamtazama kwa chini.

"Mimi sikulijua neno," alisema. "Nimekosea, nimemtesa mtoto wa watu. Lakini wewe ulijua hujamwona mtu. Anaitwa nani huyo mwanamke wako wa Tunduru?"

Aidan alivuta zipu ya koti lake la ngozi.

"Anaitwa nani? Mtaje!"

"Ana mimba, mama," Aidan alisema.

Mtego wa panya hunasa waliomo na wasiokuwemo. Wangu mimi ulimkosa niliyemtegea ukamnasa mume niliyemwekea chakula kwenye sahani. Nilidhani nitafurahi. Nilifurahi kidogo, sisemi uongo, jino la dhahabu litanifurahisha hadi uzeeni. Kisha nikaenda nikamchukua Leo mgongoni kwa Oliva, mbele ya wote nikatoa titi, na nikalia.

Jumatatu, 4 Machi

Aidan ameondoka na basi la asubuhi. Mama yake alimtolea begi nje, kwenye tope. Utingo akamwuliza, "Ba Wasiri, unashukia wapi?" Mji huu hauna siri, na kwa mara ya kwanza naupenda kwa hilo.

Jumapili, 17 Machi

Mama mkwe amekuja chumbani kwangu, akapiga magoti. Mtu mzima! Akasema, "Mwanangu, nisamehe."

Nikamwambia, "Bado, Mama."

Akaitikia kwa kichwa, hakukasirika. Akauliza dawa yangu ni ipi, akaitamka bawasiri vizuri kabisa, kama mtu anayejifunza katekisimu. Nikamwambia: maji ya uvuguvugu kwenye beseni, asubuhi na jioni.

Jumanne, 26 Machi

Majani ya maboga, papai, maharage yenye mchuzi mwepesi. Mtungi wa maji umehamia kando ya kitanda changu. Oliva ndiye anayeujaza. Hataimba tena huyo.

Jumatatu ya Pasaka, 8 Aprili

Aidan ametuma kondakta kuuliza kama anaweza kuja kumwona mtoto. Kondakta alisimama mlangoni, mvua inamchuruzika. Mama mkwe hakunipa nafasi ya kujibu. "Mwambie mtoto anaye babu yake Hironimus," alisema, akafunga mlango. Sikumwomba aseme hivyo. Nilimtazama mgongo alipokuwa anarudi jikoni, nikaona umepinda kuliko Desemba. Ni mwanawe wa kwanza yule.

Padri wakati wa Kwaresma aliniambia nisamehe saba mara sabini. Nimemjibu nipo njiani.

Mwanangu Leo amejaa mashavu. Na mimi damu imekata tangu katikati ya mwezi uliopita, kinyama hakichungulii tena, Verediana amesema beseni naweza kuacha. Mama mkwe hajui. Kila asubuhi anaamka kabla ya jogoo, anapuliza kuni zilizoloa hadi macho yanakuwa mekundu, anachemsha maji, anayapoza, anayapima kwa kiwiko kama ya mtoto mchanga, kisha anagonga mlango wangu taratibu.

"Mwanangu, maji tayari. Njoo ukae."

Naenda nakaa. Ni matamu, yale maji. Nitamwambia nimepona mvua zikiisha, na mwaka huu, nikitazama mawingu juu ya milima ya Matogoro, hazina haraka.